Tamko kwa Umma Kuhusu Matunda Yetu na Saratani ya Matiti



Sisi wanachama wa umoja wa wanawake wakulima na wabanguaji korosho wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, tukiwa tumekaa na kushauriana na wahudumu wa afya wa vijijini kwetu, tumeona hatuwezi kuendelea kunyamaza. Msimu wa korosho umefunguka na mabibo, matunda ya mkorosho, yameanza kudondoka. Huu pia ni mwezi wa Oktoba, ambao duniani kote wanawake huhimizwa kuchunguza matiti yao. Na katika mwezi huu huu, minadani na stendi za mabasi, zinapitishwa chupa za maji ya matunda yakisifiwa kwamba yanatibu saratani ya matiti. Ziko za zambarau, ziko za rosela, ziko za mabibo, na upo unga wa rangi ya damu ya mzee unaosemekana ni wa bluberi, tunda ambalo wengi wetu hatujapata kulitia machoni.

Msimamo wetu tunautoa mapema, ili hata asiyeweza kusikiliza hadi mwisho aondoke nao. Matunda haya ni chakula chema. Tuyale, na watoto wetu wayale. Ndani yake wanasayansi wameona vitu vinavyostahili kutafitiwa kwa bidii, na baadhi ya vitu hivyo vimo katika matunda yanayoozea chini ya miti yetu. Lakini hakuna tunda, juisi wala unga wa tunda uliothibitishwa kuponya saratani ya matiti kwa binadamu. Mwenye uvimbe anayeanza na chupa kabla ya zahanati anapoteza muda ambao hakuna atakayemrudishia.

Tuanze na yale yaliyo upande wa matunda, maana hatutaki kuonekana tunayadharau. Ile rangi inayoganda kwenye ulimi wa mtoto aliyetoka kuokota zambarau inatokana na kemikali za kundi liitwalo anthosayanini. Ndizo zinazoitia rangi forosadi, ndizo zinazoitia rangi rosela, na ndizo zilizowafanya watafiti wa ng'ambo waipende bluberi. Stroberi na komamanga zina kitu kingine, asidi ya elajiki. Mmea hutengeneza vitu hivi kwa faida yake wenyewe: kuita ndege wa kusambaza mbegu, kujikinga na jua kali, kupambana na ukungu. Vikiingia katika seli za wanyama vinaweza kugusa mambo mengi kwa pamoja, yakiwemo mawasiliano ya kemikali yanayoiambia seli ikue, igawanyike au ife.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhode Island na wenzao wa kituo cha saratani cha City of Hope, California, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya zambarau. Tunasema zambarau hizi hizi, za mti uliotoka Bara Hindi ukaenea mwambao wetu wote. Walikamua kiini cha tunda wakakiweka kwenye seli za saratani ya matiti zilizooteshwa katika vyombo vya maabara. Seli za saratani zilipunguza kasi ya kukua, na kipimo kilipoongezwa nyingi zikajifia. Seli za titi zisizo na saratani zilistahimili zaidi. Baadaye watafiti wa Louisville, jimbo la Kentucky, waliwalisha zambarau panya wa maabara waliopewa homoni ya estrojeni ili wapate saratani ya matiti, na wakaona saratani ikichelewa kutokea.

Habari ya bluberi nayo ina msingi. Mwaka 2011 watafiti wa City of Hope walitangaza majaribio ya panya waliopandikizwa saratani ya matiti ya aina inayoitwa hasi tatu. Ni aina kali, isiyosikia dawa za homoni, na huonekana kwa kiwango kikubwa zaidi miongoni mwa wanawake wenye asili ya Afrika. Panya waliopewa chakula chenye asilimia 5 ya unga wa bluberi walikuwa na uvimbe mdogo kwa asilimia 75 kuliko wasiopewa. Waliopewa asilimia 10 walikuwa na uvimbe mdogo kwa asilimia 60. Tunaomba hapo pasisomwe harakaharaka. Waliokula zaidi hawakupata nafuu zaidi. Anayemwambia mgonjwa anywe lita nzima kwa siku kwa kuwa kidogo kimeonekana kufaa, jaribio hilo halimuungi mkono.

Tuje kwenye korosho, ambayo ndiyo maisha yetu. Sisi wabanguaji tunalijua ganda lake kwa vidole. Anayebangua kwa mkono hujipaka majivu au mafuta kabla ya kushika, na bado jioni ncha za vidole zimekuwa nyeusi, ngozi imebabuka, kushika ugali wa moto ni adhabu. Kinachounguza ni mafuta ya ganda, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya anakadiki, ambayo kwa kiasi kidogo imo pia katika bibo. Mwaka 2010, huko huko Louisville, ilichapishwa taarifa kwamba asidi hiyo, ikiwekwa kwenye seli za saratani ya matiti maabara, inazuia kipokezi cha estrojeni kushika vinasaba vya seli, na seli hizo zinapunguza kuongezeka. Ni habari ya kutia moyo kwa mkoa wetu wa Lindi. Lakini mtu akichukua mafuta ya ganda akapaka kwenye titi kwa sababu amesikia yanashinda saratani, atapata kidonda juu ya uvimbe, kidonda kitapata uchafu, na daktari atakayempokea atakuwa na matatizo mawili ya kutibu. Hilo tunalikataza kwa sauti ya juu kabisa tuliyo nayo.

Kwa nini basi kilichofanya kazi maabara kisitumike leo hii kama dawa? Kwa sababu seli zilizolala kwenye kibakuli cha kioo ni rahisi kuua. Chumvi ikizidi zinakufa, sabuni inaziua. Kazi ni kuua seli za saratani zilizo ndani ya mtu, tena zilizokwisha kutawanyika kwenye kwapa, mapafu au mifupa, bila kumuua mwenyewe. Anthosayanini tunayokula nyingi haifiki kwenye damu ikiwa nzima. Sehemu ndogo tu hupita, nyingine hukatwakatwa na vijidudu vya utumbo na kuwa vitu vingine. Kiasi kilichomiminwa juu ya seli katika majaribio mengi ni kikubwa kuliko kile kinachoweza kuonekana katika damu ya mtu aliyekula bakuli la zambarau. Na panya si binadamu. Dawa nyingi zilizomponya panya zimeshindwa zilipofika kwa watu.

Upande wa watu wenyewe, kipo tunachoweza kukisema. Nchini Marekani, uchunguzi uliowafuatilia kwa miaka mingi wauguzi wanawake zaidi ya 180,000, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliokula migao ya matunda na mboga zaidi ya mitano na nusu kwa siku walikuwa na hatari ya kupata saratani ya matiti iliyo pungufu kwa asilimia 11, wakilinganishwa na waliokula migao miwili na nusu au chini ya hapo. Asilimia 11 si haba, ingawa wanaokula matunda mengi huwa na mazoea mengine mema pia, na si rahisi kuyatenganisha. Tena hiyo ni habari ya kujikinga kwa mazoea ya miaka, kwa mlo mzima. Mwenye uvimbe leo hawezi kuitumia kama dozi.

Wapo watakaosema: mbona dawa za hospitali nazo zinatoka kwenye miti? Ni kweli, na mfano ulio bora ni paklitakseli, dawa inayotumika kutibu saratani ya matiti pote duniani. Ilianzia kwenye magome ya mti mmoja wa magharibi mwa Marekani. Magome yalikusanywa mwaka 1962. Umbo la kemikali hiyo likajulikana mwaka 1971. Ikaruhusiwa kwa saratani ya mifuko ya mayai mwaka 1992, na kwa saratani ya matiti mwaka 1994. Miaka zaidi ya 30 ya kusafisha, kupima sumu, kutafuta kipimo na kuwajaribia wagonjwa waliokubali. Mti wenyewe una sumu, na hapajakuwa na aliyepona saratani kwa kuchemsha magome yake. Zambarau na bibo vinastahili safari hiyo hiyo, na hatutaki virukishwe hata hatua moja.

Nachingwea haihitaji kufundishwa na mtu gharama ya kuanza kabla ya kupima. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Pori likasukumwa kwa matrekta kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa sawasawa, reli ikajengwa kutoka pwani na baadaye ikang'olewa. Kufikia 1951 mpango ukaachwa, mamilioni ya pauni yameyeyuka. Karanga zenyewe hazikuwa na kosa. Mpaka leo tunazilima na kuziunga kwenye mboga. Kosa lilikuwa ahadi kuitangulia kazi ya kupima.

Na ya Loliondo wengi wetu tunayakumbuka. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walifunga safari hadi kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Kilikuwa mchemsho wa mizizi ya mugariga, kichaka ambacho watoto wa sehemu nyingi za Afrika hula matunda yake madogo meusi. Hatumsemi vibaya marehemu, wala hatumlaumu aliyekwenda. Mwenye maradhi sugu hutafuta. Tunachokumbusha ni kwamba wapo walioweka kando dawa zao baada ya kikombe, wakarudi nyumbani wakisubiri, na ugonjwa haukusubiri nao.

Saratani ya matiti nchini kwetu ni ya pili kwa wanawake miongoni mwa saratani, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Tathmini iliyofanyika nchini na kutolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba takribani wagonjwa wanane kati ya kumi wa saratani ya matiti hugunduliwa ikiwa imeshafika hatua ya tatu au ya nne. Hapo ndipo penye msiba. Uvimbe ukiwa mdogo na haujatoka kwenye titi, upasuaji na dawa humrudisha mwanamke shambani kwake. Ukishatawanyika, tiba hubaki ya kumwongezea siku na kumpunguzia maumivu.

Kuchelewa huko tunakujua kunavyokwenda, kwa maana kunapita mikononi mwetu. Mwanamke anaoga jioni, mkono unagusa kitu kigumu kama punje ya mbaazi. Hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, anasema ni maziwa yaliyoganda, au ni jipu linalokuja. Palizi inamsubiri, baada ya palizi kuna ufuta, baada ya ufuta kuna korosho. Anamwambia shangazi, shangazi anamwambia jirani, jirani analeta majani ya kubandika. Mume yuko machimboni au amesafiri, na nauli iko kwake. Punje inakuwa embe. Siku anapokubali kwenda, ngozi ya titi imekunjamana kama ganda la chungwa na kwapani kuna uvimbe mwingine. Wapo pia waliowahi, wakaenda mapema kabisa, wakarudishwa nyumbani na vidonge vya usaha, tena na tena, bila mtu kuwashika titi wala kuwaandikia rufaa. Hatutaji kituo chochote. Tunasema imetokea, na isitokee tena.

Kisha kuna njia. Wagonjwa wetu wengi hukimbilia hospitali zetu za wilaya, au Ndanda na Nyangao, na sasa ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyojengwa Mitengo, Mtwara. Mionzi tunaifuata Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa basi linaloondoka alfajiri. Mei 2024 mafuriko yaliikata barabara hiyo Somanga, Kilwa, abiria wakalala njiani. Nauli ya kwenda na kurudi, mtu wa kumsindikiza, chakula na mahali pa kulala kwa wiki kadhaa za mionzi: kwa mkulima mwenye mikorosho michache huo ni msimu mzima. Chupa ya juisi ya shilingi elfu chache inashinda kirahisi mbele ya hesabu hiyo. Anayeinunua hatumwiti mjinga. Tunasema ameachwa peke yake na hesabu nzito.

Kwa sababu hizo, tunatamka yafuatayo.

Kwa wanawake wenzetu, mabinti, mama na bibi zetu: kila mwezi, siku chache baada ya hedhi kuisha, jichunguze kwa kutazama na kupapasa, aliyekwisha kukoma hedhi achague tarehe moja ya mwezi asiibadili. Uvimbe mpya kwenye titi au kwapa, titi moja kubadilika umbo, chuchu kuzama ndani, majimaji au damu kutoka kwenye chuchu, kidonda kwenye chuchu kisichopona, ngozi kuwa nyekundu au kukunjamana: ukiona mojawapo nenda zahanati wiki hiyo hiyo, usisubiri liume. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, na hiyo ni sababu nyingine ya kwenda, upate kulala usingizi. Usikubali uchanjwe, uchomwe moto wala kubandikwa kitu chochote kabla ya kupimwa. Na akina baba mtusikilize: wanaume nao hupata saratani hii, ingawa ni wachache, na hao wachache hufika hospitali wakiwa wamechelewa kwa kuona aibu.

Kwa aliye kwenye matibabu: kula matunda, yakiwa matunda, kwa kiasi cha mlo. Unga uliokolezwa, vidonge vya virutubisho na michemsho ni jambo jingine. Ini ndilo linalozivunjavunja dawa nyingi za saratani, na mimea mingine hulifanya liende mbio au polepole. Balungi nalo limejulikana siku nyingi kwa kuvuruga uvunjwaji wa dawa mwilini. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulitoa dalili kwamba wagonjwa wa saratani ya matiti waliotumia vidonge vya aina ya vitamini A, C na E kabla na wakati wa dawa za kemo walielekea kurudiwa na ugonjwa zaidi ya wasiotumia. Basi mweleze daktari kila unachokunywa, hata kama unahisi atakukemea. Na daktari asikemee, kwa sababu mgonjwa akikemewa leo, kesho atakunywa kwa siri.

Hapa kuna neno moja chungu ambalo lazima lisemwe na watu wa mabibo wenyewe. Bibo likiliwa bichi lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Likivundikwa likawa uraka, au likapikwa likawa gongo, limekuwa pombe, na pombe imethibitishwa kwamba inaongeza hatari ya saratani ya matiti, hata kwa kiasi kidogo. Hatuwezi kusimama mnadani tukalisifu tunda kwa kinga yake huku jioni tukiliwekea sufuria la gongo. Wapo wanachama wetu wanaosomesha watoto kwa fedha ya uraka, nao walikuwemo kwenye kikao kilichoandaa tamko hili. Walisema wenyewe kwamba wataacha siku watakapopata soko jingine la mabibo. Tumeyaweka maneno yao humu kwa sababu ni ya haki.

Na ipo kinga isiyouzwa kwenye chupa, ambayo bibi zetu walituachia. Uchambuzi wa tafiti za nchi 30 uliotoka mwaka 2002 ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha humpunguzia mama hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3. Mama anayenyonyesha watoto wake miaka miwili kila mmoja anajijengea kinga ambayo hakuna unga wa bluberi ulioonyesha kuifikia.

Kwa wauza juisi na kwa wazee wetu wa tiba asili: hatuna ugomvi nanyi, wengi wenu ni ndugu zetu. Uzeni zambarau, uzeni rosela, punguzeni sukari, chemsheni maji. Lakini neno kwamba inatibu saratani liondoke kwenye chupa na kwenye kipaza sauti. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeweka baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mwenye dawa anayoiamini aipeleke ikapimwe. Na mganga atakayemwona mwanamke mwenye uvimbe wa titi akamshika mkono hadi zahanati, umoja wetu utamshukuru mbele ya mkutano wa kijiji.

Kwa waganga wakuu wa wilaya zetu: tunaomba kila mwanamke anayefika kliniki, awe amekuja kwa uzazi wa mpango, kwa chanjo ya mtoto au kwa uchunguzi wa mlango wa kizazi, apapaswe matiti na mtumishi aliyefundishwa. Asipewe vidonge vya usaha mara ya pili kwa uvimbe ule ule bila rufaa. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti uliozinduliwa mwaka 2021, limeweka lengo kwamba ugonjwa uthibitishwe ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipojitokeza. Tunataka Nachingwea na Ruangwa zihesabu siku hizo, mgonjwa kwa mgonjwa, na hesabu isomwe kwenye vikao vya halmashauri. Pale ambapo kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe hakiwezi kusomwa hapa, isafirishwe sampuli na mgonjwa abaki nyumbani kwake, kwa maana chupa ya sampuli haihitaji pa kulala Dar es Salaam.

Kwa halmashauri zetu mbili: korosho, ufuta na mbaazi zinaingiza ushuru kila msimu. Tunaomba sehemu yake iende kwenye mashine za ultrasaundi na mafunzo ya wanaozitumia, na nyingine iwe nauli ya wagonjwa wa saratani wasio na uwezo. Katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, fungu la wanawake lifikirie vikundi vinavyotaka kukausha mabibo na kusindika juisi safi isiyo na pombe. Hilo litajibu pia lile ombi la wenzetu wa uraka.

Kwa chama chetu kikuu cha ushirika, RUNALI, na vyama vya msingi: mnada wa korosho hukusanya watu ambao hakuna mkutano wa afya unaoweza kuwakusanya. Tunaomba muda kabla ya bei kusomwa, wahudumu wa afya waseme neno lao wakati masikio yote yako wazi. Tunaomba vivyo hivyo kwa wasimamizi wa Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa: timu ya Namungo inapocheza, wakati wa mapumziko, tangazo fupi liwaendee akina baba, kwa kuwa nauli nyingi za hospitali ziko mifukoni mwao.

Kwa watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu: zambarau yetu, rosela yetu, furu wa porini na bibo vipimwe. Vipimwe kwa aina za miti iliyopo huku, kwa udongo wa huku, na kwa namna tunavyovila, si kwa kiini kilichokamuliwa Marekani peke yake. Vikionekana havina lolote zaidi ya lishe, tuambiwe hivyo. Vikionekana vina jambo, wakulima wa Nachingwea na Ruangwa wawemo kwenye makubaliano tangu mwanzo. Tuko tayari kutoa matunda, mashamba na mikono yetu.

Nasi tumejifunga. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vitatenga sehemu ya mfuko wa jamii kwa ajili ya nauli ya mwanamke yeyote wa kijiji anayepewa rufaa kwa uvimbe wa titi, awe mwanachama au asiwe. Kila kikundi kitateua mtu wa kumsindikiza, ili asisafiri peke yake na asirudie njiani. Shamba lake litapaliliwa na korosho zake zitaokotwa na kikundi hadi atakaporudi.

Tamko hili litasomwa kwa sauti katika mikutano ya vijiji vyetu msimu huu, na nakala zake zitapelekwa kwa wakurugenzi wa halmashauri zote mbili, waganga wakuu wa wilaya, RUNALI na vyama vyake vya msingi, misikiti na makanisa. Majibu ya halmashauri kuhusu nauli na ultrasaundi tutayasubiri kabla ya minada ya mwisho ya msimu, na yatakapofika tutayasoma katika mikutano ile ile.